Betri ya AED "ya miaka mitano" imekufa miezi 14 ikiwa kwenye gari la zimamoto. Nini kimeiua?

#1 KofiaNyekundu
Wakuu, salaam. Mimi ni askari wa zimamoto, kituo cha mkoani huku Tanzania. Tulipata mashine mbili za AED, hizi za kushtua moyo. Moja tuliiweka kwenye gari linalotoka kwanza, nyuma ya kiti cha dereva. Ya pili ikatundikwa ukutani chumba cha mawasiliano, pale zinapopokelewa simu za 114. Aliyezileta akatuhakikishia kwamba betri haichajiwi, inakaa miaka mitano, mkiona kijani laleni salama.

Juzi alfajiri nimefungua kabini nikague mitungi ya hewa, nasikia tii... kimya kirefu... tii. Nikadhani redio ya upepo. Nikazima redio, sauti bado ipo. Nikaanza kutoa vitu nyuma ya kiti, nikaikuta mashine imelaliwa na makoti mawili na kipande cha mpira wa maji. Kidirisha chake, ambacho siku zote kina tiki ya kijani, kina X nyekundu. Nilipofungua kifuniko ikajaribu kusema, ikakata katikati ya neno.

Miezi 14 tu tangu ifungwe. Ya ukutani, iliyofungwa siku hiyohiyo, ni kijani mpaka leo. Nini kimeiua hii ya garini? Na kinachoniuma zaidi ni kwamba hakuna anayejua imelia kwa siku ngapi. Daftari la ukaguzi lina mstari wa pampu, mipira, mitungi, tochi, mafuta. Mstari wa AED haupo.

#2 ChumviYaKisauni
Joto hilo ndugu, usitafute mchawi. Mie ni mwokozi wa ufukweni, hoteli moja hapa Mombasa. Yetu ilikuwa ndani ya sanduku la kioo kando ya bwawa, jua la saa saba laipiga usoni. Betri haikumaliza mwaka wa pili. Pedi nazo, zile za kubandika kifuani, tulipozifungua, ile jeli yake imekauka imekuwa kama ngozi ya uji uliopoa. Tukaihamishia mapokezi kivulini, mpaka leo haijasumbua. Tazama kitabu chake: nyingi zataka zihifadhiwe kati ya nyuzi 0 na 50. Gari lililofungwa vioo juani lavuka hapo bila taabu.

#3 FundiWaVipimo
Wa #2 anaweza kuwa sahihi, ila tusihukumu kabla ya ushahidi. Kazi yangu ni kutengeneza vifaa tiba. KofiaNyekundu, itoe betri uisome ubavuni. Kuna tarehe ya kutengenezwa, na nyingi zina tarehe ya pili inayosema ifungwe kabla ya lini. Ile miaka mitano kwa kawaida huhesabiwa tangu siku ya kufungwa, kwa sharti kwamba umeifunga kabla ya hiyo tarehe ya pili. Halafu niambie kifuniko kinafunguliwa mara ngapi, na plagi ya pedi ilikuwa imechomekwa au la. Ishawahi kutumika kwa mtu?

#4 DogoWaTegeta
Samahanini wakubwa, hiyo ndiyo ile ya kwenye muvi? Mstari umenyooka, daktari anasugua pasi mbili, mgonjwa anaruka kitandani, anaamka anaomba maji?

#5 NesiZamuYaUsiku
@DogoWaTegeta muvi zimetuharibia kazi mwanangu. Mstari ukinyooka moyo umenyamaza kabisa, na AED haitashtua hata uibembeleze. Inashtua moyo ambao umeme wake umevurugika: misuli inatetemeka kila mmoja kivyake, damu haisukumwi. Mshtuo unazima vurugu zote kwa mpigo mmoja ili moyo upate nafasi ya kuanza upya wenyewe. Mashine inasoma hali hiyo yenyewe kupitia pedi, wewe huhitaji kuwa daktari.

Kitu cha kushika ni dakika. Kila dakika inayopita bila kubonyeza kifua na bila mshtuo, nafasi ya kupona inapungua kwa asilimia 7 mpaka 10. Zidisha mara kumi uone kinabaki nini. Ndiyo maana gari la zimamoto lenye AED ni muhimu, maana mara nyingi ndilo linalofika kwanza.

#6 KofiaNyekundu
@FundiWaVipimo asante mkuu. Nimeitoa betri na nimeshtuka. Tarehe ya mwisho ya kuifunga ilikuwa imepita miezi mitano siku tulipoifunga! Tulisaini karatasi za kupokea bila hata mmoja wetu kuigeuza ubavu.

Kifuniko: tuna kijana wa zamu B, mchapakazi kwelikweli, kila asubuhi akiingia anaifungua aisikie inaongea, kama dakika moja hivi, ndipo anaifunga. Plagi ya pedi nimeikuta inaning'inia, haijachomekwa. Kutumika kwa mtu, haijatumika. Ila tuliipeleka shule mbili za msingi kuonyesha wanafunzi.

#7 MpiraWaInchiMbiliNaNusu
Kumbe mchawi wa #2 ni mchapakazi 😂

#8 FundiWaVipimo
Msimcheke, nia yake ni njema kuliko ya wote walioipita wakiweka makoti juu yake. Ila mashine za aina hiyo ukifungua kifuniko zinajiwasha: zinaongea, zinawasha taa, zinatafuta pedi. Betri nyingi za namna hii zimepimwa kwa mishtuo kama 200 au saa 4 za kuwaka. Miezi 14 ni siku 425 hivi. Dakika moja kila siku ni dakika 425, yaani zaidi ya saa 7. Ameimaliza yeye.

#9 AfandeMstaafu
Fundi, hesabu yako ina tundu. Zamu B haiingii kila siku. Kama wana zamu tatu, kijana anaifungua siku moja katika tatu. Hiyo ni dakika 140 na kitu, saa mbili na nusu hazifiki. Betri nzima ya saa 4 isingekufa kwa hilo peke yake.

#10 FundiWaVipimo
Kweli mkuu, nimekosea hapo. Ongeza maonyesho ya shuleni, na ongeza kwamba betri ilifungwa ikiwa imeshazeeka. Bado kijana ana mchango.

#11 MbwaniMuscat
Mimi niko Muscat, zimamoto na gari la wagonjwa huku ni mamlaka moja, namba ni 9999. Ikiwa joto peke yake linaua betri kwa miezi 14, basi zetu zingekufa kwa miezi minne. Kiangazi huku hewa ya nje inapita 45 kivulini. Tofauti ni kwamba magari yetu yanalala ndani ya banda lenye kiyoyozi, na mashine inashuka na mtu: gari likiegeshwa juani kwenye tukio muda mrefu, AED haibaki kabini.

Mimi nashuku ile plagi. Mashine nyingi zinajipima zenyewe kila siku, na zikiona pedi hazijachomekwa zinahesabu ni hitilafu, zinaanza kulia. Kulia usiku na mchana nako kunakula betri. Pengine haikulia kwa sababu betri imekwisha. Pengine betri imekwisha kwa sababu ililia miezi mizima chini ya makoti na hakuna aliyeisikia.

#12 KofiaNyekundu
@MbwaniMuscat hiyo imenikata maini. Makoti yale huwa yapo pale siku zote.

#13 ChumviYaKisauni
Nami nasisitiza joto. Ya ukutani mbona haijafa? Betri zilikuja pamoja, si ndiyo?

#14 KofiaNyekundu
Zilikuja pamoja, ila nimeikagua ya ukutani sasa hivi: betri yake ni ya toleo tofauti, tarehe yake ilikuwa bado haijapita. Na hiyo hakuna anayeifungua kwa sababu ipo juu, na pedi zimechomekwa. Na chumba kina feni. Kwa hiyo hainisaidii kujua ni lipi.

#15 DadaWaColumbus
Habari zenu. Nafanya kazi gari la wagonjwa, idara ya zimamoto, Ohio, Marekani. Huku idara nyingi za zimamoto ndizo zinazopeleka huduma ya kwanza. Kule Seattle walianza tangu 1970, askari wa zimamoto wakifundishwa kazi ya moyo na daktari Leonard Cobb. Mashine ya kwanza ya kubebeka ya Frank Pantridge kule Belfast, mwaka 1965, ilikuwa na uzito wa kilo 70 na ilitumia betri za gari. Ninyi mnalalamikia kitu cha kilo mbili kilichofichwa na makoti.

Nina kisa. Tulikuwa na mashine ya mazoezi na mashine ya kweli, zinafanana rangi. Siku moja baada ya darasa mtu akarudisha pedi za mazoezi kwenye mfuko wa mashine ya kweli. Pedi za mazoezi ni plastiki tu, hazipitishi umeme. Niliziona asubuhi kwa sababu moja: karatasi yake ya nje ilikuwa na mikunjo ya vidole, na pedi halisi hukaa kwenye pakiti iliyozibwa hewa mpaka siku ya kazi. Nilikaa chini kwenye ngazi ya gari dakika nzima sikuweza kusimama. Tangu siku hiyo vya mazoezi vyote tumevipiga utepe wa rangi ya machungwa na vinakaa kabati jingine, lina kufuli.

@KofiaNyekundu mwambieni kijana wa zamu B asifungue kifuniko. Aangalie kidirisha, pakiti ya pedi na tarehe zake, plagi, asaini. Sekunde 20. Na msitumie mashine ya kazi kwa maonyesho.

#16 NesiZamuYaUsiku
Hapo #15 umenena. Pedi nazo zina umri wake, mara nyingi mfupi kuliko wa betri. Kituo kinasherehekea betri mpya huku pedi zimekwisha tangu mwaka jana.

#17 AfandeMstaafu
Niruhusuni nitoke kwenye betri kidogo. Miaka mingi nyuma, zoezi la ngazi na mpira, jua kali. Mwenzetu mmoja, miaka 41, alishuka akakaa kwenye tairi la gari akasema "nipeni maji". Kabla kikombe hakijamfikia akalala ubavu. Tulimpepea na koti lake mwenyewe. Tukammwagia maji kichwani. Mmoja akamfungua mkanda. Watu kumi na wawili waliofunzwa kuokoa watu, na hakuna hata mmoja aliyeweka mikono kifuani kwake. Tulimpakia pikapu tukawasha king'ora. Alikuwa anakoroma kwa pumzi za mbalimbali, tukasema yu hai, anapumua.

Nilikuja kujua baadaye sana kwamba mkoromo ule si kupumua. Moyo ulikuwa umeshasimama. Nikiona uzi huu vijana wanabishana kuhusu plagi na nyuzi joto, nafurahi kuliko mnavyodhani.

#18 DadaWaColumbus
Pole sana Afande. Na huyo hakuwa peke yake. Utafiti wa mwaka 2007 wa hapa Marekani ulionyesha maradhi ya moyo ndiyo yanayochukua asilimia 45 ya askari wa zimamoto wanaofia kazini, zaidi ya moto wenyewe. AED ya garini ni ya raia, lakini ni ya kwetu pia.

#19 DogoWaTegeta
Kwa hiyo mtu akikoroma hivyo tunabonyeza tu?

#20 NesiZamuYaUsiku
Haamki ukimwita na kumtikisa, hapumui kawaida: piga simu, bonyeza katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Waliopita gwaride ni rahisi: mwendo wa haraka, kushoto kulia, unakaribia hapohapo. Usiache kubonyeza wakati mwenzako anabandika pedi. Mashine itawaambia lini msimguse.

#21 MtotoWaBukavu
Ndugu zangu, mimi wa Bukavu. Kuhusu moyo kusimama ghafla mkumbuke Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa. Machi 2012 alianguka uwanjani London akichezea Bolton. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga vizuri, akashtuliwa mara 15, na leo yuko hai. Marc-Vivien Foé wa Kameruni hakubahatika, Lyon 2002.

#22 MpiraWaInchiMbiliNaNusu
2003 mkuu, tarehe 26 Juni, nusu fainali dhidi ya Kolombia. Siku ile nililia.

#23 MtotoWaBukavu
2003, ndiyo. Asante kwa kunisahihisha. Na Eriksen, mchezaji wa Denmark, 2021 pale Copenhagen, mashine ilikuwa karibu, wenzake wakamzunguka kumsitiri.

#24 KaniniNaHerufi
Natia neno la lugha. Mnaandika "mashine ya kushtua moyo", wengine "kistua moyo", nimeona bango limeandikwa "mashine ya kufufua". Hiyo ya mwisho iondolewe. Mtu akisoma kufufua atamsubiri padri. Mimi napendekeza "kishtuamoyo", neno moja.

#25 MpiraWaInchiMbiliNaNusu
Ukiwa umelala chini hapumui nitakuuliza kwanza neno moja au mawili.

#26 KaniniNaHerufi
Niulize baada ya mshtuo wa pili 😄 Lakini nina maana. Askari akisikia jina analolielewa ataikimbilia. Na mashine yenyewe inaongea Kiingereza, kwa pupa.

#27 KofiaNyekundu
Hili la lugha tumeshalifanyia kazi. Tumebandika ndani ya kifuniko karatasi iliyowekewa plastiki, mistari inafuata sauti ya mashine kwa mpangilio wake: VUA NGUO KIFUANI. BANDIKA PEDI KAMA PICHA. USIMGUSE, INASOMA. MSHTUO UNAHITAJIKA, WOTE MBALI. BONYEZA KITUFE KINACHOWAKA. ANZA KUBONYEZA KIFUA. Mama mpishi wa kituo aliisoma mara moja akafanya yote sawasawa kwenye mwanasesere, akiwa na aproni yake.

Kitu kingine nimegundua nikipekua mfuko: mkasi upo, glavu zipo, taulo ipo, ila nyembe ya kunyolea kifua chenye nywele haipo.

#28 MpiraWaInchiMbiliNaNusu
Tazama askari wa kituo chenu mwenye kidevu kinachong'aa.

#29 KofiaNyekundu
Nimeshamjua 😂 Ameahidi kuleta tatu.

#30 MbwaniMuscat
La muhimu kwa watu wa zimamoto khasa, msije mkakata tamaa. Mtu mliyemtoa kwenye moshi, au aliyezama, moyo wake mara nyingi umesimama kwa kukosa hewa. Mashine itasema hakuna mshtuo. Vijana wengine wakisikia hivyo wanainua mikono, wanadhani amekufa au mashine mbovu. Maana yake ni endelea kubonyeza na kumpulizia pumzi, mashine itasoma tena baada ya dakika mbili. Aliyepigwa na umeme wa nyumbani ndiye ambaye mshtuo unaweza kumfaa sana, lakini usimguse mpaka umeme ukatwe.

Na ikiwa mna oksijeni, isogezeni mita moja kutoka kifuani kabla ya mshtuo. Sidhani kama ninyi mnahitaji kuambiwa kwa nini.

#31 ChumviYaKisauni
Aliyetoka majini nae mfute kifua kikavu kwanza, la sivyo pedi zateleza na umeme wapita juu ya ngozi. Sisi twambeba mpaka pakavu. Taulo ile ndio kazi yake, si ya kufutia kioo cha gari.

#32 UtingoWaPampu
Mimi naona wote mmesahau mtikisiko. Barabara zetu za vumbi, gari la tani 12, mashine nyuma ya kiti inagonga chuma. Mguso wa betri ukilegea kidogo tu mashine inajiwasha na kujizima njiani. Nani angesikia, king'ora kinalia? Na vumbi pia. Angalieni namba ya IP: tarakimu ya kwanza ni kinga ya vumbi, ya pili ni kinga ya maji. 55 inafaa gari la zimamoto. 21 ni ya ofisini.

#33 FundiWaVipimo
Hilo nalo linawezekana. KofiaNyekundu, sehemu za shaba zinazogusana na betri zina mikwaruzo au ukungu wa kijani?

#34 KofiaNyekundu
Mikwaruzo ipo. Ukungu hakuna. Na namba ni 55.

#35 AfandeMstaafu
Basi sasa tuna betri iliyozeeka dukani, kijana mwenye bidii, plagi, joto na barabara. Kila mmoja ana mtuhumiwa wake.

#36 DadaWaColumbus
Mashine nyingi zinaweka kumbukumbu ndani: lini iliwashwa, lini ilijipima, hitilafu gani. Fungeni betri mpya, mwombeni fundi aisome kwa kompyuta.

#37 KofiaNyekundu
Tumeleta betri mpya, safari hii nimesoma tarehe nikiwa dukani. Aliyetuuzia mwanzo hana programu ya kusoma kumbukumbu, anasema mpaka itumwe kwa mtengenezaji. Sitaitoa kwenye gari wiki sita kwa ajili ya jibu.

Mengine yamefanyika. Mstari wa AED upo kwenye daftari, wa kwanza kabisa juu ya pampu, una sehemu ya sahihi. Kijana wa zamu B ndiye aliyeuchora, kwa rula, na ndiye msimamizi wa mashine zote mbili. Tumepiga bano ukutani mwa kabini, juu ya kiti, hakuna koti linaloweza kufika. Betri ya zamani nimeiweka kando, ni ya lithiamu, nimewakataza vijana kuitupa kwenye pipa la kuchomea taka.

Na nimeweka kipimajoto ndani ya kabini. Leo saa nane mchana, vioo vimefungwa, gari juani: 44.

#38 MbwaniMuscat
Chini ya 50. Plagi basi.

#39 ChumviYaKisauni
Kipimajoto umekiweka wapi?

#40 KofiaNyekundu
Chini ya kiti cha dereva.

#41 ChumviYaKisauni
Chini ni kwenye kivuli ndugu. Kiinue pale mashine ilipokuwa, kesho saa ileile, utuambie.

#42 KofiaNyekundu
Sawa. Kesho niko zamu.